Harry Johnston, mtawala aliyemchora okapi bila kumwona akiwa hai

Mwanzoni mwa mwaka 1901, mwakilishi mkuu wa serikali ya Uingereza nchini Uganda alipokea mzigo uliotoka ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi iliyoitwa wakati huo Dola Huru ya Kongo. Ndani yake mlikuwa na ngozi ya mnyama na mafuvu mawili. Mwakilishi huyo, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametia saini mkataba uliogeuza umiliki wa ardhi ya Buganda, alichukua karatasi, brashi na rangi za maji, akaanza kumchora mnyama ambaye macho yake hayakuwahi kumwona akitembea.

Mtu huyo ni Sir Harry Hamilton Johnston, na mnyama ni okapi. Picha hiyo iliwapa wasomaji wa Ulaya sura ya kiumbe ambacho wataalamu wao hawakujua kuwa kipo. Kwa wakazi wa msitu wa Ituri hapakuwa na jambo jipya, kwani walikuwa wakimtega, wakila nyama yake na kushona mikanda kwa ngozi yake tangu enzi za mababu zao. Maisha ya Johnston yamejaa hali za namna hiyo: alikuwa mwepesi wa kutazama na kuandika, lakini mara nyingine alichelewa kuwaamini wale waliokuwa wakimwonyesha njia.

Kijana wa bustani ya wanyama

Johnston alizaliwa tarehe 12 Juni 1858 huko Kennington, kusini mwa London. Baba yake alikuwa katibu wa kampuni ya bima, na nyumbani hapakuwa na dhiki. Mtoto alikuwa mfupi wa kimo, na hakuwahi kurefuka sana, lakini mapema alionyesha vipawa viwili ambavyo vingemfikisha mbali: kujifunza lugha na kuchora.

Katika ujana wake alikuwa mgeni wa mara kwa mara wa bustani ya wanyama ya London. Huko aliwachora wanyama wakiwa hai, na pia alijifunza umbo la miili yao kwa kuchunguza mizoga. Mchoraji wa wanyama asiyejua mfupa unakaa wapi chini ya ngozi huchora gunia lenye miguu. Johnston alilijua hilo akiwa bado kijana. Alisoma lugha katika chuo cha King's mjini London, kisha akaingia shule ya sanaa ya Royal Academy, ambako alijifunza uchoraji kwa miaka kadhaa hadi mwaka 1880.

Safari yake ya kwanza barani Afrika ilimpeleka Tunis, alikokwenda kupaka rangi mandhari na kutazama maisha ya watu. Mwaka 1882 aliandamana na mtukufu mmoja wa Ireland katika msafara wa kwenda Angola, na mwaka uliofuata alipanda mto Kongo, ambako alikutana na Henry Morton Stanley. Kutoka huko alirudi na michoro ya mimea, ndege na watu, pamoja na daftari za maneno ya lugha za Kibantu. Mtindo huo wa kuchora na kuandika maneno kwa wakati mmoja hakuuacha tena.

Kilimanjaro, na siasa ndani ya mkoba wa mchoraji

Mwaka 1884 vyama vya kisayansi vya Uingereza vilimtuma kuchunguza mimea na wanyama wa mlima Kilimanjaro. Aliingia bara kutoka Mombasa kwa msafara wa wapagazi, akakaa katika himaya ya Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara, na baadaye Taveta. Alikusanya ndege na mimea kutoka miteremko ya juu, na viumbe kadhaa vilipewa jina lake. Miongoni mwao ni chozi mmoja wa milimani mwenye manyoya ya kijani yanayong'aa, na mmea mkubwa wa jamii ya senesio unaosimama kama mti kwenye baridi karibu na theluji.

Lakini katika mkoba wa mchoraji mlikuwa pia na karatasi za mikataba. Alipokuwa mlimani, Johnston alitafuta saini za viongozi wa eneo la Taveta na kuihimiza serikali yake kuichukua sehemu hiyo kabla ya mataifa mengine. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, chenye michoro yake mwenyewe. Tangu hapo hakuwa tena msanii anayesafiri. Serikali ilikuwa imemwona, naye alikuwa ameiona kazi anayoitaka.

Aliteuliwa makamu wa balozi mdogo katika Kamerun na eneo la mdomo wa mto Niger. Huko, mwaka 1887, alimwalika Mfalme Jaja wa Opobo kwenye mazungumzo ndani ya meli ya kivita huku akimhakikishia usalama. Jaja, mfanyabiashara mkubwa wa mafuta ya mawese aliyekataa kuwaachia Waingereza biashara yake, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni katika visiwa vya Karibi. Alifariki mwaka 1891 akiwa njiani kurejea nyumbani.

Kuanzia mwaka 1891 Johnston aliongoza himaya ya Uingereza katika nchi ambayo leo ni Malawi. Alipigana na machifu wa Wayao na wafanyabiashara wa utumwa. Mwaka 1895 majeshi yake yaliivamia ngome ya Mlozi huko Karonga, kaskazini mwa ziwa Nyasa, na Mlozi akanyongwa. Vita hivyo vilisaidia kukomesha misafara ya watumwa katika eneo hilo, na wakati huo huo vilifungua njia ya kodi na ya mashamba ya walowezi. Katikati ya hayo yote homa zilimsumbua Johnston mara kwa mara, naye akaendelea kuchora.

Mkataba wa Buganda

Mwaka 1899 alitumwa Uganda akiwa Kamishna Maalumu. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka ya vita vya dini, Kabaka Mwanga alikuwa amepelekwa Ushelisheli, na kiti kilikaliwa na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa miaka 3. Johnston alijadiliana na watawala wa niaba, akiwemo Katikiro Apolo Kagwa, mtu aliyejua kuhesabu kila neno la mkataba sawasawa na Mwingereza aliyekaa mbele yake.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3, ukaitambua serikali ya Kabaka chini ya Uingereza, na ukaigawa ardhi kwa kipimo cha maili za mraba. Karibu nusu yake iliwekwa chini ya serikali ya kikoloni. Sehemu kubwa ya iliyobaki iligawiwa Kabaka, jamaa zake, machifu na wakuu wengine. Mkulima aliyelima shamba la ukoo wake alijikuta akiwa mpangaji wa mwenye hati. Hadi leo ardhi ya namna hiyo huitwa mailo, na migogoro yake bado hufika mahakamani nchini Uganda.

Mwaka huo huo Johnston alipanda milima ya Ruwenzori hadi kiasi cha mita 4,500, akachora mimea mikubwa ya kileleni na kukusanya ndege na wanyama watambaao. Shorobo mmoja wa milima hiyo, mwenye mbawa zenye rangi nyekundu, na kinyonga mmoja mwenye pembe, vyote vina jina lake katika vitabu vya sayansi. Lakini kilichomvuta zaidi kilikuwa upande wa magharibi, chini ya milima, mahali msitu unapoanza.

Habari ya punda anayekula majani

Katika kitabu chake cha mwaka 1890 kuhusu safari ya kumtafuta Emin Pasha, Stanley alikuwa ameandika kwa kifupi kwamba Wambuti wa Ituri wanamfahamu mnyama kama punda, wanayemwita kwa jina lililosikika kama atti. Walisema wakati mwingine humnasa katika mashimo, na kwamba chakula chake ni majani ya miti. Wasomaji wengi walipita juu ya maneno hayo, lakini Johnston aliyasoma na kuyakumbuka. Punda na farasi hupenda nyika zenye nyasi. Ndani ya msitu mnene, ambako jua halifiki chini, mnyama wa namna hiyo angekuwa ajabu.

Nafasi ya kuuliza zaidi ilipatikana kwa njia ya kusikitisha. Mfanyabiashara mmoja wa Kijerumani aliwateka Wambuti kadhaa kutoka Ituri kwa nia ya kuwapeleka Paris, wakaonyeshwe kwa malipo katika maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1900. Maofisa wa Ubelgiji walilipinga jambo hilo, naye akavuka nao mpaka hadi upande wa Uganda. Johnston aliwaondoa mikononi mwake, akawahifadhi Entebbe kwa miezi kadhaa, kisha akaamua kuwarudisha kwao yeye mwenyewe.

Alipowauliza kuhusu punda wa msituni, walimjibu bila kusita. Walisema mnyama huyo yupo, ana rangi ya giza mwilini na mistari miguuni, na jina lake lilikuwa o'api, herufi ya katikati ikitamkwa kooni kiasi cha kutosikika kwa mgeni. Kutoka hapo likapatikana neno okapi.

Nyayo alizozikataa

Msafara ulivuka Semliki na kufika ngome ya Wabelgiji katika eneo la Beni ya leo. Luteni Meura, aliyekuwa na mamlaka pale, hakushangazwa na maswali ya Johnston. Alisema mnyama huyo huletwa na wawindaji kama kitoweo, na askari wake walivaa mikanda iliyokatwa kutoka ngozi yake. Johnston alipewa vipande viwili vya mikanda hiyo, vyenye mistari myeupe na myeusi. Meura aliahidi kumtumia ngozi nzima ikipatikana.

Kisha waliingia msituni. Siku moja waongozaji walisimama na kumwonyesha Johnston nyayo chini, wakamwambia kwamba hizo ndizo za okapi. Aliinama akazitazama. Zilikuwa nyayo za kwato zilizopasuka sehemu mbili, kama za pofu au ng'ombe. Yeye alikuwa anatafuta mnyama wa jamii ya farasi, na farasi ana kwato moja nzima. Akaamua kwamba waongozaji wanamdanganya, au wamechanganya mnyama mmoja na mwingine, na akakataa kuzifuata.

Muda mfupi baadaye homa iliwashambulia watu wa msafara wake, ikabidi warudi. Waongozaji walikuwa wamesema kweli, na njia iliyomfikia mnyama ilikuwa miguuni pake. Mtu aliyefunzwa tangu ujana kuchora kile alichokiona, siku hiyo alikiacha alichokiona kwa sababu hakikulingana na kile alichokisoma. Johnston mwenyewe alilisimulia kosa hilo baadaye katika maandishi yake bila kulificha.

Kutoka mkanda hadi picha

Vipande viwili vya mikanda vilipelekwa London kwa Philip Lutley Sclater, katibu wa Chama cha Zoolojia. Kwa kuwa havikuwa na zaidi ya mistari ya kuonyesha, Sclater alimweka mnyama huyo katika jamii ya farasi na punda milia, akampa jina la kisayansi Equus johnstoni. Kosa la nyayo likawa limeingia katika kumbukumbu rasmi.

Meura hakuishi kuitimiza ahadi yake, kwani ugonjwa ulimuua. Ofisa aliyechukua nafasi yake, Karl Eriksson kutoka Sweden, ndiye aliyetuma ngozi na mafuvu mawili. Johnston alipoyatazama mafuvu na meno, mafunzo ya ujana wake katika bustani ya wanyama yalimrudia. Hawa hawakuwa farasi. Jamaa yao wa karibu aliyekuwa hai ni twiga.

Ndipo alipoketi kuchora. Kwa mchoraji wa rangi za maji, okapi ni mtihani wa pekee. Mwili wake una rangi ya hudhurungi iliyokoza inayoelekea zambarau, na nywele zake fupi humeremeta kama mahameli. Mapajani na miguuni kuna mistari myeupe. Katika rangi za maji, weupe ulio safi kuliko wote ni ule wa karatasi yenyewe. Mchoraji huacha mahali pa mstari pakiwa pakavu, akapandisha rangi pembeni yake tabaka kwa tabaka, nyepesi kwanza kisha nzito. Brashi ikiteleza, mstari umepotea, na kuurudisha ni kazi ngumu. Katika hewa yenye unyevu ya ukanda wa ziwa, kila tabaka huchelewa kukauka.

Ugumu mwingine ulikuwa mkubwa kuliko huo. Ngozi iliyokauka huonyesha rangi, lakini haionyeshi jinsi shingo inavyobebwa, bega linavyoteremka kuelekea mgongo, au sikio linavyogeuka kusikiliza. Hayo Johnston alilazimika kuyajenga kutokana na mafuvu, maelezo ya watu wa msituni na ujuzi wake wa twiga. Picha yake, iliyochapishwa London mwaka 1901, ilikuwa kwa hiyo kazi ya watu wengi: wawindaji waliomnasa mnyama, wachunaji waliohifadhi ngozi, Wambuti waliomweleza umbo lake, na mkono mmoja ulioshika brashi.

Mwaka huo huo Ray Lankester, mkurugenzi wa makumbusho ya viumbe mjini London, alithibitisha kwamba mnyama huyo hafai kuwekwa katika jamii ya farasi, akampa jina jipya la Okapia. Jina kamili likawa Okapia johnstoni. Nusu ya kwanza ni neno la watu wa Ituri. Nusu ya pili ni jina la Mwingereza aliyezikataa nyayo zao. Hakuna mwongozaji hata mmoja wa msafara ule ambaye jina lake limebaki katika sayansi.

Miaka ya maandishi

Johnston aliondoka Uganda mwaka 1901 akiwa na afya iliyochakaa, na hakushika tena wadhifa wa utawala Afrika. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha juzuu mbili kuhusu Uganda, chenye mamia ya picha, zikiwemo za rangi alizozichora kwa mkono wake. Mwaka huo pia ulimletea msiba: watoto mapacha waliozaliwa na mkewe, Winifred, walifariki saa chache baada ya kuzaliwa. Hawakupata watoto wengine.

Alijaribu kuingia bungeni akashindwa. Aligeukia kalamu, akaandika vitabu vya historia, safari na hata riwaya. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa uchunguzi wa lugha za Kibantu, uliotoka kwa juzuu mbili mwaka 1919 na 1922, ukilinganisha maneno ya mamia ya lugha. Orodha za maneno alizoanza kuandika kando ya michoro yake akiwa kijana Kongo na Kilimanjaro ziliishia humo. Maandishi yake kuhusu Waafrika yana mchanganyiko unaomkera msomaji wa leo: kuna heshima kwa lugha na ufundi wao, na kuna dharau ya kikoloni iliyoaminiwa na watu wa tabaka lake.

Mwaka 1925 alipata kiharusi kilichompooza sehemu ya mwili. Alifariki tarehe 31 Julai 1927 akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Poling, kijiji cha kusini mwa Uingereza alikokuwa ameishi kwa miaka mingi. Okapi wa kwanza kufika Ulaya akiwa hai alipelekwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1919, miaka 18 baada ya picha kuchapishwa, na hakuishi muda mrefu.

Mnyama aliyebaki Kongo

Leo okapi wa porini wanapatikana katika nchi moja tu duniani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Uganda wa msitu wa Semliki, walikokuwa wakifika zamani, wametoweka. Hifadhi ya Okapi katika Ituri, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 13,000, ilianzishwa mwaka 1992 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996. Mwaka mmoja baadaye, kwa sababu ya vita, iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mwezi Juni mwaka 2012 wapiganaji walivamia kituo cha Epulu, makao makuu ya hifadhi hiyo. Watu kadhaa waliuawa, na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa hapo wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata okapi alitangazwa kuwa katika hatari ya kutoweka. Uchimbaji wa dhahabu, ukataji wa miti na mitego ya wawindaji vinaendelea kuubana msitu wake.

Okapi ni msiri, na anayemtafuta msituni huona zaidi alama zake kuliko mwili wake. Kwa hiyo wanaomlinda hutegemea kazi ile ile waliyoifanya waongozaji wa mwaka 1900. Askari wa wanyamapori na Wambuti wanaofuatana nao hutembea kwa siku nyingi chini ya miti, wakisimama kila wanapoona alama katika udongo laini. Wanapokuta kwato iliyopasuka sehemu mbili, yenye ukubwa unaostahili, huandika mahali na tarehe, kisha huendelea na safari.